Bado Vifungo Tu: Namna ya Kuwaunganisha Wahusika na Msuko wa Hadithi

Kuna ngano ambayo wengi wetu tuliisikia kabla hatujajua kusoma. Fisi alikuwa akienda zake akafika njia panda. Harufu ya nyama ikamjia kutoka njia ya kulia, na harufu nyingine, nono vilevile, ikamjia kutoka njia ya kushoto. Alipiga hatua kulia, akahofia kuikosa ya kushoto. Akarudi kushoto, akahofia kuikosa ya kulia. Mwishowe akaweka miguu ya upande mmoja katika njia hii na ya upande wa pili katika njia ile, akasonga mbele hivyo hivyo huku njia zikizidi kuachana, hadi akapasuka msamba. Ndipo tukapata methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Mtu anayetaka kujifunza kutunga hadithi afanye jaribio dogo na ngano hii. Ajiulize kwanza ni nini kilichotokea, naye atajibu kwamba fisi alipasuka. Ajiulize kisha fisi huyo alikuwa na tabia gani, naye atajibu kwamba alikuwa mlafi asiyekubali kuacha chochote. Halafu ajaribu kuyatenganisha majibu hayo mawili. Hayatenganiki, kwa kuwa kule kupasuka ni ulafi uleule uliotembea kwa miguu minne mpaka ukafika mwisho wake. Mweke sungura pale njia panda na ngano yote inabadilika: sungura angeketi chini ya mti, angesubiri mpita njia, angemdanganya aende kuipeleleza njia moja na kumletea habari. Matukio yangekuwa mengine kwa sababu aliyesimama pale ni mwingine.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja. Waandishi wanaoanza huuliza mara kwa mara wazingatie kipi zaidi, wahusika au msuko wa matukio, kana kwamba wameshika mizani ya dukani na wanatafuta kiasi cha kumimina katika kila sahani. Kwa maoni yangu swali hilo limeulizwa vibaya. Wahusika na msuko hukutana mahali pamoja, napo ni kwenye uamuzi: pale mtu anapotaka kitu, anapolazimika kuchagua, na anapolipa gharama ya alichokichagua. Mwandishi akipajenga mahali hapo vizuri, uwiano hujitokeza wenyewe. Asipopajenga, hakuna maelezo ya sura wala visa vya kusisimua vitakavyoiponya hadithi.

Sehemu ya tatizo iko katika namna tulivyofundishwa kusoma. Tangu sekondari tumezoea kuichambua kazi ya fasihi kwa fani na maudhui, na ndani ya fani tukawaweka wahusika katika fungu lao, muundo katika fungu lake, mtindo katika lake na mandhari katika lake. Uchambuzi huo una manufaa kwa mtahiniwa, kwa kuwa humwezesha kukitazama kila kiungo kwa zamu, kama mwanafunzi wa udaktari anavyoonyeshwa mfupa mmojammoja. Lakini mwandishi anayetunga kwa kufuata orodha hiyo hutengeneza mhusika kwanza, mwenye umri, kimo, kazi na hulka, kisha hutengeneza matukio kando, kisha hujaribu kumvika mhusika matukio hayo kama nguo aliyoshonewa mtu mwingine. Hata istilahi za mhusika bapa, aliyejengwa kwa sifa moja tu, na mhusika duara, mwenye sifa nyingi kama mtu halisi, ambazo tumezirithi kutoka kwa Mwingereza E. M. Forster aliyezieleza mwaka 1927, tumezifanya lebo za kubandika baada ya kusoma, ilhali kwa mwandishi zinabeba swali la kazi: je, mtu huyu anaweza kumshangaza msomaji, na msomaji akamwamini bado?

Anachotaka na asichokiweza

Nitatunga mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho, ili kila hatua ionekane. Tuseme umekusudia kuandika hadithi fupi kuhusu fundi cherehani wa mtaa wa Kikwajuni, Unguja, katika mkesha wa Idi. Umempa jina la Fundi Haji. Unajua umri wake, unajua kwamba cherehani yake ni ya miguu na kwamba daftari lake la vipimo limechakaa hadi kurasa zinamwagika. Hayo yote ni mapambo mpaka uandike sentensi mbili. Ya kwanza ieleze anachotaka: Fundi Haji anataka kila mtu mtaani amwone kuwa ni mtu mwema. Ya pili ieleze asichokiweza: hawezi kumtamkia mteja neno "hapana".

Tazama sentensi hizo zinavyofanya kazi. Mtu anayetaka kupendwa na asiyeweza kukataa, akiwa ni fundi wa nguo na Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, hana budi kupokea vitambaa vingi kuliko siku zilizobaki. Hujabuni tukio lolote bado, lakini rafu yake imekwisha kujaa, na wewe mwandishi umeanza kuhisi wasiwasi kwa niaba yake.

Sentensi ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Waandishi wengi wanajua kumpa mhusika shabaha: anataka kusoma, anataka kuolewa, anataka kulipiza kisasi. Wachache humpa kizuizi kilicho ndani yake mwenyewe. Kizuizi cha nje, kama vile baba mkali, umaskini au vita, kinaweza kumpata mtu yeyote. Cha ndani ni chake peke yake, na ndicho kinachoyafanya matukio yawe yake.

Ukishakipata kizuizi hicho, usikieleze kwa sauti ya msimulizi. Ukiandika kwamba Fundi Haji alikuwa mtu mpole asiyependa kuwaudhi watu, umemwamrisha msomaji afikiri hivyo, naye atakuwa amesahau kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Kitafutie tendo au usemi mmoja utakaorudi. Mama mmoja anaingia dukani:

"Fundi, ile kanzu ya mwanangu tayari?"

"Tayari, bi mkubwa. Bado vifungo tu."

Kanzu yenyewe haijakatwa. Kitambaa kiko chini ya vitambaa vingine tisa, kimekunjwa vilevile kilivyoletwa. Msomaji akishaliona hilo mara moja, maneno "bado vifungo tu" yatambeba mtu huyu mzima kila yatakaporudi, na yakirudi mara ya tatu, mbele ya mteja mwingine na katika saa mbaya zaidi, yatamtia msomaji hofu bila wewe kuongeza neno.

Linalomtokea na analolifanya

Sasa mkesha umefika. Rasimu ya kwanza ambayo wengi wetu tungeiandika ni hii: saa mbili za usiku umeme unakatika mtaa mzima, Fundi Haji anahangaika na mshumaa, sindano inamchoma kidole, anakata tamaa, analia. Alfajiri mpwa wake anawasili kutoka Maskati na sanduku lililojaa kanzu za watoto, kila mteja anapata yake, na fundi anamshukuru Mungu. Matukio ni mengi na yanakwenda kwa kasi. Lakini katika hayo yote, Fundi Haji amefanya nini? Umeme umemkatikia, sindano imemchoma, mpwa amemwokoa. Yeye mwenyewe ni gogo linalochukuliwa na maji.

Ninaliandika jambo hili kwa uchungu wa aliyelipitia. Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ulirudishwa na mhariri ukiwa na swali lilelile limeandikwa kwa penseli pembeni mwa kurasa nyingi: "Yeye anafanya nini hapa?" Nilikasirika kwa wiki mbili, kisha nikaketi nikahesabu. Katika sura kumi na moja shujaa wangu alikuwa amefiwa, amefukuzwa kazi, ameibiwa, ameugua na ameoa, na katika yote hayo hakuwahi kuchagua chochote. Hata mke alimpata kwa uamuzi wa shangazi yake. Nilikuwa nimempa misiba nikidhani nimempa uhai. Tangu hapo kila ninapoandika onyesho ninajiuliza swali la mhariri yule kabla ya kuliacha.

Turudi dukani na tuandike upya. Saa tatu za usiku Bi Zuhura anasimama mlangoni amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Hii ni mara yake ya tano kuja. Fundi Haji anafungua kinywa aseme kwamba kanzu haijawa tayari, na neno halitoki. Ukutani, kwenye msumari, imetundikwa kanzu moja ya mtoto iliyokamilika. Ni ya mtoto wa Makame mvuvi, ambaye alilipa nusu na yuko dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, tangu wiki iliyopita. Vimo vya watoto hao wawili vinakaribiana. Fundi anaitazama kanzu, anamtazama mtoto, anaiangua kanzu msumarini, anaikunja polepole na kuitia katika mfuko wa kubebea.

"Hii hapa, bi mkubwa. Nilikuwa namalizia vifungo."

Tukio hili ni dogo sana likilinganishwa na umeme kukatika mtaa mzima, lakini lina uzito zaidi, na inafaa tulitazame kwa karibu ili tuone uzito huo umetoka wapi. Kwanza, limefanywa na mkono wa mhusika mwenyewe. Alikuwa na njia nyingine, tena iliyo nyoofu, na hakuifuata. Msomaji anajua kwa nini hakuifuata, kwa sababu amekwisha kumsikia akisema "bado vifungo tu" mara mbili. Halafu lina mtu wa kuumia, ambaye hayupo chumbani kujitetea. Tena halirudishiki, maana kanzu imekwisha kutoka mlangoni. La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba ile hamu njema ya kumridhisha mtu ndiyo iliyomfanya mwizi. Hapo Fundi Haji ametushangaza, na bado tunamwamini.

Na Makame arudi. Mwandishi anayetafuta kishindo angemrudisha akiwa amefura kwa hasira, lakini hasira ingemrahisishia fundi kazi, kwa kuwa mtu mwenye hasira ni rahisi kumchukia. Arudi saa tano za usiku, amechoka, nguo zimekaukia chumvi, mkono mmoja ameshika salio la fedha na mwingine mtungo wa changu aliomletea fundi kama zawadi ya Idi. Ukarimu huo unambana Fundi Haji mahali palepale panapomuuma. Unapochagua tukio linalofuata katika hadithi yako, usiulize ni lipi kubwa zaidi; uliza ni lipi litakalougusa udhaifu ule ulioutaja katika sentensi yako ya pili.

Kumbadilisha mtu

Lile jaribio la sungura njia panda lifanye kwa kila hadithi unayoiandika. Mwondoe Fundi Haji, mweke fundi mwenye kiburi: huyo angemwambia Bi Zuhura wiki tatu kabla kwamba nafasi imejaa, na pasingekuwa na hadithi. Mweke fundi mlaghai: angekusanya malipo ya awali ya watu wote, angefunga duka na kuvuka bahari, na hadithi ingekuwa ya wateja wanaomsaka. Mweke mwoga: angemsikia Bi Zuhura akija, angetokea mlango wa uani. Kila mtu amezaa mkasa wake. Ikiwa unaweza kumbadilisha mhusika wako mkuu na mambo yote yakaendelea kama yalivyokuwa, umesuka matukio ambayo hayana mwenyewe.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo mara nyingi huwapata waandishi wenye kipaji cha lugha. Mhusika wao huamka, hutazama mvua dirishani, hukumbuka utoto wake, hunywa chai, huwaza juu ya upweke, na sentensi zote ni nzuri. Ukurasa wa arobaini unamkuta palepale dirishani. Simlaumu mwandishi wa namna hiyo, kwa kuwa amemwona mtu wake kwa ndani, jambo ambalo si rahisi. Dawa yake haimo katika kumwondolea mhusika mawazo, bali katika kumleta mtu mlangoni anayetaka kitu kutoka kwake, leo, kabla ya magharibi. Yale mawazo yaliyokuwa yakielea yatapata ukuta wa kujigonga.

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili wanaweza kuuona muungano huu kwa upana zaidi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima machoni pa watu, na nyumbani kwake amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna, wasionane na ulimwengu. Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa mume akiwa hayupo, na anayefika kumsaidia ni Farashuu, mkunga ambaye Maksuudi asingependa hata kidogo akanyage kwake. Maksuudi anaporudi na kugundua, anampa Tamima talaka, na nyumba aliyoilinda kwa kuifunga inavunjika kwa mkono wake mwenyewe. Maimuna naye anatoka humo asirudi kuwa yule wa zamani. Mtu anaweza kuisoma sehemu hiyo kama mfululizo wa visa: uchungu, mkunga, talaka, kutoroka. Anaweza pia kuisoma kama picha ya mtu mmoja, kwa kuwa kila kisa kimechipuka kutoka katika ule uamuzi wa kufunga mlango. Kama mlango ungekuwa wazi, wanawake wa mtaa wangeingia, Tamima angepata msaada mapema, na Maimuna asingekuwa mgeni kabisa wa dunia iliyomngoja nje. Ningemshauri kila anayejifunza kutunga aisome tena sehemu hiyo akiwa na penseli, aweke alama kila mahali Maksuudi anapochagua, kisha afuate kwa kidole kila alama inapompeleka.

Kuna utanzu ambao msuko hutawala kwa haki yake, nao haupaswi kudharauliwa. Katika hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, zilizoanza kutoka kama vitabu mwaka 1960, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake habadiliki kutoka kitabu hadi kitabu, wala msomaji hataki abadilike. Kina cha uhusika katika utanzu huo huhitajika upande wa mtuhumiwa. Jibu la swali la nani aliyeua huridhisha pale linapokuwa pia jibu la swali la mtu huyo ni nani hasa. Ukiandika upelelezi, tumia muda wako mwingi kwa muuaji.

Sadfa na majaliwa

Wahakiki wengi huikemea sadfa, na mimi nisingeikemea moja kwa moja. Sisi ni watu tunaoamini kudra. Ajali, ugonjwa, habari ya ghafla na kukutana njiani na mtu uliyempoteza miaka mingi ni mambo ambayo msomaji wetu ameyaona maishani mwake na ameyapokea kama majaliwa, kwa hiyo hatashangaa kuyakuta katika hadithi. Jambo la kuangalia ni kazi ambayo sadfa imepewa. Ikimwingiza mhusika mashakani, msomaji huipokea na kusubiri aone mtu huyo atafanya nini. Ikimtoa mashakani, msomaji huhisi amepunjwa, kwa kuwa alikuwa akimngoja mtu na badala yake ameletewa bahati.

Yule mpwa wa Maskati, kwa mfano, hana haja ya kufutwa. Mtoe mwisho wa hadithi, umlete mwanzoni mwa Ramadhani. Amekuja kuwatembelea jamaa, anavaa kanzu aliyoshonewa na mjomba wake miaka iliyopita, na kila anapopita anawaambia watu kwamba hata huko aliko hajaona fundi wa kumshinda Haji. Kwa sifa hizo wateja wanafurika dukani, na Fundi Haji, anayetaka kupendwa, hawezi kumrudisha hata mmoja. Kwa kuhamishwa kutoka mwisho hadi mwanzo, mtu huyohuyo aliyekuwa mwokozi amekuwa mzigo, na hadithi imepata nguvu.

Kuupitia mswada kwa karatasi na kalamu

Hatua hii ifanywe baada ya rasimu ya kwanza kukamilika, si kabla yake, kwa sababu mwandishi anayejikagua mno mapema huishia kutoandika. Chukua karatasi, andika kila onyesho katika mstari wake, na mbele ya kila onyesho jibu mambo matatu: nani alitaka nini, alichagua nini, na mlango gani ulifungwa nyuma yake. Mlango ninaoukusudia ni lile jambo ambalo mhusika angeweza kulifanya kabla ya onyesho na sasa hawezi tena. Katika onyesho la Bi Zuhura, fundi alitaka mteja aondoke ameridhika. Alichagua kutoa kanzu ya mtu mwingine. Na kuanzia hapo hawezi kumweleza Makame ukweli bila kujiita mwizi.

Jibu la pili likikosekana, mhusika wako amekuwa gogo. Jibu la tatu likikosekana katika maonyesho matatu yanayofuatana, hadithi yako inazunguka palepale, hata kama watu wanapigana ngumi ndani yake. Usiharakishe kulifuta onyesho lenye upungufu. Mara nyingi lina maneno mazuri au habari muhimu, na kinachohitajika ni kulihamishia ndani ya onyesho jingine lenye uamuzi, ili habari hiyo ifike mikononi mwa mtu aliye na haraka nayo.

Kisengere nyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, kipimwe kwa kipimo hichohicho. Habari ya utoto wa Fundi Haji ina mahali pake, na mahali hapo si ukurasa wa kwanza, ambapo msomaji bado hajamwuliza chochote. Baada ya kanzu ya Makame kutoka mlangoni, msomaji mwenyewe atauliza imekuwaje mtu mzima ashindwe kutamka neno moja fupi. Hapo mistari minne inatosha: alijifunza kazi kwa fundi mmoja mkali aliyemfukuza mteja kwa kelele, akaona wateja wakihama mmoja mmoja hadi mzee yule akafa dukani peke yake. Habari ileile ikiwekwa mapema ingekuwa wasifu; ikiwekwa hapa ni jibu.

Wahusika wadogo nao wanastahili kutaka kitu, ijapokuwa kwa mstari mmoja. Bi Zuhura akibaki kuwa mteja msumbufu, atakuwa ni kifaa cha kumsukuma fundi. Mpe sababu: asubuhi ya Idi mwanawe anakwenda kwa baba yake, ambako kuna watoto wa mke mwenzake, na yeye ameapa kwamba mtoto wake hatakuwa wa mwisho kwa mavazi. Sasa ana haki ya kuja mara tano, na msomaji hana mtu wa kumchukia chumbani humo. Hali hiyo ya kukosa mtu wa kumchukia huifanya hadithi kuwa ngumu kuandika na ngumu kusahau.

Onyesho la mwisho

Makame amesimama mlangoni na mtungo wa samaki. Kwa mara ya tatu Fundi Haji anasema, "Bado vifungo tu, Makame. Mtume mtoto alfajiri." Makame anashukuru na kwenda zake. Fundi anafunga mlango. Vitambaa vilivyobaki ni vya wenyewe, na safari hii hataki kugusa cha mtu. Iko kanzu moja tu ambayo ni yake, nyeupe, yenye darizi shingoni, aliyojishonea usiku wa manane kwa ajili ya sala ya kesho. Anaitandaza juu ya meza. Anachukua chaki, anafungua daftari penye vipimo vya mtoto wa Makame, anachora. Kisha anashika mkasi.

Uamuzi huu ni mzuri kwa hadithi kwa sababu unaweza kusomwa kwa namna mbili na zote zikawa kweli. Fundi Haji analipa deni kwa kitu chake mwenyewe, na hilo ni jambo la heshima. Wakati huohuo bado anakwepa kulitamka lile neno, na hilo ni udhaifu wake uleule. Hajageuka kuwa mtu mwingine usiku mmoja, na wala hakubaki jinsi alivyokuwa. Mwandishi ajihadhari hapa na kishawishi kikubwa cha kumleta imamu asubuhi na hotuba kuhusu uaminifu, au kumfanya fundi aungame mbele ya jamaa waliokusanyika. Msomaji ameuona mkasi, hotuba itamchosha.

Hadithi iende moja kwa moja hadi jioni, kwenye uwanja wa sikukuu, penye watoto, bembea na wauza ubuyu. Mtoto wa Makame anapita akikimbia, shingoni ana darizi pana ya mtu mzima. Fundi Haji ameketi kando na kanzu yake ya mwaka jana. Mtoto wa Bi Zuhura anasimama mbele ya mama yake kuomba fedha, ananyoosha mkono, na vidole havionekani, kwa sababu mtoto aliyeshonewa kanzu ile ana mikono mirefu kuliko yake. Bi Zuhura anaishika ile mikono ya kanzu, anaikunja mara moja, anaikunja mara ya pili, anasita, kisha anainua macho na kuanza kumtafuta fundi kati ya watu. Andika mpaka macho hayo yanapomfikia, na usiandike atakachokisema.